Tupeane uzoefu: kiraka cha vmscan.c kikifika mezani, unakikagua vipi?

Mpembuzi
Wakuu, viraka (patch) vya vmscan.c, faili la kerneli ya Linux linalokomboa kurasa za kumbukumbu (vipande vya RAM) ili zitumike upya, huwa vifupi, mistari kumi hivi, na ndivyo vinavyogandisha seva. Unaanzia wapi? Mimi huanza na swali moja: nani atapita hapo? kswapd, uzi (thread) wa kerneli unaokomboa kumbukumbu chinichini, huamka kurasa huru zikishuka chini ya kiwango cha low na kukomboa hadi zifike high. Zikishuka chini ya min, programu iliyoomba kumbukumbu inakomboa yenyewe huku mteja anasubiri. Wote wanapita kwenye function ya shrink_node. Kungoja ambako kwa kswapd si kitu, kwa programu ni kukwama.

Nanga
Ongezea kufuli (lock). Ombi la kumbukumbu lenye alama ya GFP_NOFS maana yake mwombaji huenda kashika kufuli ya mfumo wa faili. Kiraka kikirudi kwenye mfumo wa faili bila kuangalia __GFP_FS, alama inayoruhusu kuingia humo, uzi unasubiri kufuli ulioishika wenyewe. Hapo hakuna kutoka. Washa CONFIG_PROVE_LOCKING, lockdep, kikaguzi cha kufuli cha kerneli, hupiga kelele hata kabla mkwamo haujatokea.

Kokoto
Naunga mkono hoja.

Jabali
Wakuu, hatari kubwa ni mizunguko. Priority, namba inayoamua ukali wa ukaguzi, huanzia 12 na kushuka, na kila mzunguko unakagua ukubwa wa orodha ya kurasa uliogawanywa kwa 2 mara nyingi kama priority ilivyo. Kwenye 12 ni sehemu moja ya 4096. Kwa kurasa za KB 4, orodha isiyofika MB 16 inapata sifuri! Ndiyo maana get_scan_count, inayohesabu kurasa za kukagua, ina mstari unaoshughulikia cgroup (kundi la programu lenye kikomo chake cha kumbukumbu) iliyokwisha kufutwa: hesabu ikitoka sifuri, inachukua hadi kurasa 32. Mtu wa kusafisha msimbo anauona hauna kazi, anaufuta. Mabaki ya cgroup zilizokufa yanaanza kurundikana polepole.

Sasa angalia mlango wa kutokea kwenye mizunguko hiyo. Nodi (sehemu ya RAM yenye kswapd yake) ikiliwa na kurasa kubwa za hugepages, zilizobaki hazifiki high hata ufanyeje. Zamani kswapd ilizunguka hapo CPU 100%, bila kukomboa chochote. Toleo 4.12, la 2017, lilileta hesabu ya kswapd_failures: kswapd ikishindwa mara 16 inalala, na hesabu inarudi sifuri pale ukombozi unapofanikiwa. Kwa hiyo kiraka chochote kinachogusa hesabu hiyo, soma kila mahali inapowekwa sifuri. Ukiiweka sifuri wakati nodi bado haina cha kukombolewa, ugonjwa ule ule umerudi.

Pweza
Nadharia zimetosha. Weka memory.max (kikomo cha kumbukumbu cha cgroup) ya GB 1, jenga kerneli ndani yake kabla na baada ya kiraka, pima muda. Zima swapu (mahali kurasa zinapohamishiwa nje ya RAM) matokeo yasiyumbe.

Nanga
Hapana, Pweza! Bila swapu orodha za anon (kurasa zisizotoka kwenye faili) hazikaguliwi, nusu ya msimbo haijaguswa. Weka zram, swapu iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe. Na memory.max peke yake inajaribu ukombozi wa cgroup tu, kswapd haiguswi. Ibane mashine nzima pia.

Pweza
Zram inakula CPU, inachafua kipimo cha muda.

Nanga
Basi usipime muda peke yake. Soma /proc/vmstat: pgsteal (kurasa zilizokombolewa) ikigawanywa kwa pgscan (zilizokaguliwa), allocstall_normal (mara ambazo programu ililazimika kukomboa yenyewe), kisha workingset_refault_file (kurasa za faili zilizotupwa zikahitajika tena). Pgsteal ikipanda pamoja na refault, kiraka kinatupa kurasa zinazotumika na diski inazirudisha. Linganisha na mstari wa full (muda ambao kazi zote zimekwama zikisubiri kumbukumbu) kwenye /proc/pressure/memory.

Pweza
Refault nakubali. Ya zram bado.

Kokoto
Kabla hamjapima lolote, someni /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled. MGLRU, njia mpya ya kuchagua kurasa za kukomboa, iliingia toleo 6.1, na ikiwa imewashwa shrink_node huchepuka mapema kwenye njia yake. Kiraka cha njia ya zamani kitafaulu majaribio yote bila mstari wake hata mmoja kuendeshwa. Ukiona 0x0007 imewashwa yote. Andika 0 humo, rudia kila kipimo.