Naomba ushauri: "smoulder" ni kufuka au kufukuta?

Habari zenu, ndugu wapenzi wa lugha. Naandaa faharasa ya mafunzo ya zimamoto na nimekwama kwenye neno la Kiingereza smoulder (Marekani huandika smolder).

Karne ya 14 lilihusu moshi unaokaba pumzi. Kiholanzi kina jamaa yake, smeulen. Leo ni kuungua polepole bila mwali, na pia hasira iliyofichwa moyoni.

Kwa zimamoto maana lazima iwe kamili. Godoro la pamba au rundo la unga wa mbao huungua ndani kwa ndani kwa hewa kidogo, likitoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu. Ukilipasua, hewa ikaingia, mwali huweza kuruka ghafla.

Nimejaribu "kufuka", lakini hata uji hufuka, na moshi wenyewe huenda usionekane. "Kufukuta" naona ni bora, maana lina joto la ndani na hasira nayo hufukuta, ila wengine hulielewa kama joto la hewa tu.

Naombeni mnisaidie: kwenu, pumba za mpunga zikiungua chini kwa chini mnasemaje? Na nomino iwe "mfukuto" au "mwako usio na mwali"?

Natanguliza shukrani.