Mrejesho: ufunguo wa pikipiki umepatikana bila namba yake

Wakuu, ni mimi niliyeuliza jinsi ya kupata ufunguo wa pikipiki wakati funguo zote zimepotea na kile kibati chenye namba ya ufunguo, kinachokuja na funguo za pikipiki mpya, sina, maana niliinunua mkononi. Imewaka!

Mlionishauri ninunue seti nzima ya swichi ya kuwashia, kitasa cha siti na mfuniko wa tangi, asanteni, ila hatukufika huko. Aliyesema nianze na kitasa cha siti ndiye aliyenitoa. Fundi funguo alikifungua, akatafuta namba ubavuni (baadhi ya pikipiki huwa imegongwa hapo), hakuna. Akatoa silinda, yaani kile kiini cha kitasa kinachozunguka na ufunguo. Ndani kuna vibati vyembamba, kila kimoja na springi yake. Alipochomeka ufunguo ambao haujachongwa, vibati vikachomoza nje. Akawa anapitisha tupa kidogo, anachomeka, anatazama, mpaka vyote vikalala sawa na uso wa silinda. Mimi ningeshaula ufunguo wote.

Kwenye swichi uliingia, ukagoma kuzunguka. Kumbe kitasa cha siti kilikuwa na vibati pungufu, kwa hiyo meno yaliyobaki ilibidi ayatafute kwenye swichi yenyewe. Hapo ndipo muda mwingi ulipoishia.

Ufunguo wangu hauna chipu (kile kifaa kidogo cha elektroniki ndani ya ufunguo ambacho pikipiki hukitambua). Kama wako unayo, kuchonga pekee hakutoshi. Lazima chipu mpya isajiliwe kwenye mfumo wa pikipiki ndipo iwake.

Nimechongesha na wa akiba. Mfuniko wa tangi bado unakaza, nitautia unga wa grafaiti.