Naomba ushauri: swichi za usalama kwenye milango ya kinga ya mashine
Ndugu mafundi, nina mashine yenye milango mitatu ya kinga, ambayo swichi zake zimeungwa kwa mfululizo hadi kwenye relei moja ya usalama (kifaa kinachofuatilia swichi na kukata umeme wa mota) yenye njia mbili, yaani saketi mbili zinazolinganishwa. Kila mlango ukifunguliwa mota husimama, na ukifungwa haijiwashi yenyewe. Hata hivyo, katika majaribio nilipounganisha kwa makusudi ncha za kontakti moja (sehemu ya swichi inayokata umeme) ya mlango wa kwanza, kisha nikaufungua na kuufunga, relei iligundua hitilafu na kukataa kuwashwa upya, lakini nilipofungua na kufunga mlango wa pili ikakubali, ilhali hitilafu bado ipo. Je, kila swichi iwe na relei yake, au swichi za kielektroniki zinazojikagua zinatosha? Za sumaku ya kawaida sizitaki. Ni rahisi mno kuzihadaa.