Kubadili ratiba ya vipindi katikati ya mwaka: tunaingiza chakula cha mchana, nianzie wapi?

Taaluma_Kata:
Habari za kazi walimu wenzangu. Shule ni ya kutwa, kidato cha kwanza hadi cha nne, mikondo 3 kila kidato, jumla madarasa 12. Walimu tupo 22, maabara ni moja, na Fizikia ina mwalimu mmoja mwenye vipindi 32 kwa wiki. Sasa hivi tunaanza saa 2:00 asubuhi, vipindi 9 vya dakika 40, mapumziko moja tu ya nusu saa, tunatoka saa 8:30 mchana. Wazazi wamekubali kuchangia chakula, hivyo mkuu wa shule anataka ratiba mpya ianze baada ya likizo fupi. Baadhi ya walimu wanapendekeza vipindi vipunguzwe viwe vya dakika 35 ili muda wa kutoka usisogee. Naomba ushauri wa namna ya kuipanga bila migongano.

Mwl_Chaki:
Mkuu, hilo la dakika 35 kila siku likatae mapema. Dakika 5 mara vipindi 45 vya wiki ni dakika 225, yaani zaidi ya vipindi 5 kamili vinapotea kila wiki kwa kila darasa. Na mwalimu akitoka darasa moja kwenda jingine anatumia dakika 3 au 4, kwa hiyo kipindi cha 35 kinabaki na nusu saa ya kufundisha.

Mifupa ya siku iwe hivi: paredi saa 1:30 hadi 1:50. Vipindi 4 kuanzia 2:00 hadi 4:40. Chai dakika 20. Vipindi 3 kuanzia 5:00 hadi 7:00. Chakula 7:00 hadi 7:40. Vipindi 2 vya mwisho, 7:40 hadi 9:00 alasiri. Mnatoka nusu saa baadaye kuliko sasa, basi. Usafi uhamishieni asubuhi kabla ya paredi, maana ukiuacha jioni watoto wa mbali watafika kwao giza limeingia.

Ijumaa ndiyo pekee ninayoikubalia dakika 35, kwa sababu ya swala. Chakula cha saa 7:00 hakiwasaidii wanaokwenda msikitini, wanatakiwa wawe wameshatoka kabla ya saa 6:30. Piga hesabu: vipindi 4 vinaisha 4:20, chai dakika 15, vipindi 3 vinaisha 6:20. Swala na chakula hadi 7:40, halafu 2 vya mwisho hadi 8:50.

FizikiaTu:
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu saa, ila ratiba yako itakwama maabara, si jikoni. Dabo (vipindi viwili mfululizo) ya vitendo haiwezi kukatwa na mapumziko. Kwa mpangilio huo nafasi za dabo kwa siku ni 4: kipindi cha 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6 (au 6 na 7), kisha 8 na 9. Ijumaa usiiguse kwa vitendo, dakika 70 hazitoshi kupanga vifaa, kufanya jaribio na kuosha. Zinabaki nafasi 16 kwa wiki.

Sasa hesabu mahitaji. Mikondo 6 ya kidato cha kwanza na cha pili, mara masomo 3, ni dabo 18. Kidato cha tatu na cha nne, kama mkondo wa sayansi ni mmoja kila kidato na Biolojia wanasoma wote, ni 6 za Biolojia, 2 za Kemia, 2 za Fizikia. Jumla 28. Kwenye nafasi 16 haziingii hata ukeshe.

Njia ni mzunguko wa wiki tatu kwa madarasa ya chini. Dabo zao zote ziandike kwenye ratiba kama kawaida, lakini kila mkondo uingie maabara mara moja tu kwa wiki, wiki nyingine dabo hiyo ni nadharia darasani. Wiki ya kwanza 1A na 1B Biolojia, 1C na 2A Kemia, 2B na 2C Fizikia, halafu mnazungusha. Hizo ni 6 kwa wiki badala ya 18. Mikondo 4 ya sanaa ya kidato cha tatu na cha nne iingie maabara ya Biolojia wiki moja ndiyo, moja hapana: 2 badala ya 4. Mikondo ya sayansi isiguswe, dabo zake 6 zibaki kila wiki. Jumla 14, na nafasi 2 zinabaki za kuandaa kemikali na kusafisha. Bandika orodha sita mlangoni mwa maabara, moja kwa kila wiki (mzunguko wa wiki tatu na ule wa wiki mbili hukamilika pamoja baada ya wiki sita), vinginevyo madarasa mawili yatakutana pale.

Huyo wa vipindi 32 asipewe zaidi ya 4 mfululizo, na kabla ya dabo ya vitendo awe na kipindi wazi cha kuandaa.

Ratiba_na_Pini:
Mpangilio wa kuingiza vipindi ndio unaoamua kama utamaliza au utachanachana karatasi. Wengi huanza na Hisabati na Kiingereza kwa kuwa vina vipindi vingi, wakifika mwisho hawana pa kuweka dabo. Geuza: kwanza dabo za maabara. Pili masomo yenye mwalimu mmoja. Tatu vipindi vya dini, EDK (Elimu ya Dini ya Kiislamu) na Bible Knowledge, viwekwe muda mmoja kwa mikondo yote ya kidato, la sivyo nusu ya darasa itakaa bure. Nne masomo ya kuchagua ya kidato cha tatu na cha nne: Fizikia ya 3A ikiwa inaendelea, 3B na 3C wawe kwenye somo lao la mchepuo, ili mwanafunzi aliyehamia sayansi kutoka mkondo mwingine asigonge. Hisabati na lugha zinakuja mwisho kwa sababu zina walimu wengi na zinajaza mapengo kirahisi. Hisabati isizidi mara moja kwa wiki baada ya chakula kwa kila mkondo.

Kama mna kompyuta, tumieni FET, programu ya kupanga ratiba, ni ya bure. Ingiza kwanza muda ambao mwalimu hapatikani, kisha weka angalau siku moja kati ya vipindi vya somo lilelile. Ikigoma kumaliza, mara nyingi masharti yamezidi, punguza moja moja. Mama anayenyonyesha usimwekee kipindi cha 8 na 9 kila siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa hadi saa 2 kwa siku.

Ukishamaliza, toa ratiba ya kila mwalimu peke yake na mpe asaini. Mgongano ambao jicho lako halikuuona, yeye ataugundua papo hapo.

Taaluma_Kata:
Asanteni sana. Na foleni ya chakula? Wanafunzi ni kama 540.

Mwl_Chaki:
Kumpakulia mmoja ni sekunde 6 hivi. Kwa dirisha moja ni dakika 54, kipindi cha 8 kimekwisha liwa. Ndoo moja yenye mfuniko kwa kila darasa, kiranja na wenzake wawili wanaifuata jikoni saa 6:55, wanapakua darasani. Maji tiririka ya kunawa yawe sehemu 4 tofauti. Siku ya makande, mahindi na maharage yalowekwe tangu jioni, chakula kikichelewa dakika 20 kipindi cha 8 hakipo. Na mpiga kengele apewe saa ya shule, asitegemee simu ya mwalimu wa zamu.