Nyie mnaotengeneza website, hivi hizo fonti (mitindo ya herufi) mnamuwekea nani?

Wakuu habari za jioni, leo sina salamu ndefu, nimevurugwa.

Nina kisteshenari changu hapa Morogoro, kompyuta nne, tatu za mtumba zina Windows 7 na moja niliiwekea Linux baada ya Windows kugoma. Kazi ni zilezile mnazozijua, kuprinti, kutoa kopi, kujazia watu fomu za mtandaoni. Jana kaja mama mtu mzima anataka nimfungulie mwanae akaunti kwenye saiti moja ya maombi (siitaji, wenyewe wakisoma watajijua). Nikajaza kila kitu, saiti ikanitolea neno la siri la muda, herufi nane, alafu wamezuia kukopi, yani usome kwa macho uandike. Katikati kuna vijiti viwili vimesimama. Vijiti tu! Ni I kubwa au eli ndogo? Mama kavaa miwani kasogea mpaka pua inakaribia kugusa skrini, "mwanangu, mi naona moja moja hapo." Haya piga hesabu, vijiti viwili, kila kimoja kina uwezekano wa aina mbili, jumla njia nne. Majaribio wanayokupa? Matatu. Akaunti ikafungwa masaa 24.

Sa mi sio mtaalamu sana ila CSS (lugha ya kupangia muonekano wa saiti) nimegusa gusa, nikafungua code ya saiti yao nione. Wameandika fonti moja tu, Helvetica, basi, hamna mbadala. Helvetica iko kwenye Mac, Windows haiji nayo kwahiyo inakuchomekea Arial, na kwenye Arial I kubwa na eli ndogo ni mapacha. Hivi kuongeza majina mawili matatu nyuma yake na kumalizia na sans-serif (yani fonti yoyote isiyo na vikia kwenye herufi) kunagharimu shilingi ngapi? Verdana ipo tangu 1996, Matthew Carter aliichorea Microsoft makusudi kabisa kwa ajili ya kusomeka kwenye skrini za enzi hizo, I yake ina kofia juu na kiatu chini, huwezi kuichanganya na eli hata uwe na usingizi. Windows ipo, Mac ipo. Android haina, sawa, ndo maana unaandika orodha!

Kwenye ile ya Linux ndo vituko, imeleta fonti yake nyingine pana hiyo, maneno hayatoshi kwenye vitufe, kitufe cha "Wasilisha" kimekatwa kinasomeka "Wasili". Mteja ananiuliza tuwasili wapi.

Na hii fasheni ya maandishi membamba kama uzi wa kushonea, rangi ya kijivu juu ya nyeupe, nani kawaroga? Brauza yenyewe ukiiacha inakupa herufi za ukubwa wa pikseli 16, we unaenda kuishusha mpaka 11. Kuna kanuni za WCAG kabisa (miongozo ya kimataifa ya kufanya saiti zitumike na kila mtu) zinasema maandishi ya kawaida yaachane na rangi ya nyuma angalau 4.5 kwa 1, wala sio siri. Kwenye MacBook yako yenye kioo cha milioni kadhaa inapendeza najua, ila mimi monita zangu ni pikseli 1366 kwa 768, ule wembamba ukifika huku unakatikakatika, e inakuwa c, "rn" inakuwa m. Juzi nimeandika jina la mtu vibaya kwasababu hiyo, nikarudia kuprinti kwa karatasi zangu.

Alafu wengine wanakupakulisha fonti nne kwa bando langu, na hapo inapopakuliwa ukurasa mweupe pee hauoni neno mpaka sekunde tatu, wakati kuna amri ya CSS inaitwa font-display: swap, mstari mmoja tu, maandishi yatokee kwanza na fonti ya kompyuta alafu urembo ufuate.

Nilimtumia picha dogo mmoja anayefanya hizi kazi, unajua kanijibu nini? "Mbona kwangu inasomeka fresh bro." Kwako! We ndo unaomba nafasi? Njoo ukae kwenye hiki kiti changu nusu saa tu na huyu mama pembeni.

Anyway, mama anarudi kesho saa nne. Nimebakiwa na ile njia ya nne ambayo lazima ndo yenyewe, hapo kama akaunti ikifunguliwa hawatotoa neno la siri jipya lenye vijiti vitatu.