Niongeze watu au nibadilishe bei? Kwa tunaowafanyia kazi wateja wa ng'ambo

Fundi_Barani: Assalaam aleikum wenzangu. Tuko sita kwenye chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, hapa Malindi. Tunatunza programu za kuweka nafasi za vyumba kwa hoteli kadhaa za Italia. Kitaliano vijana wamekiokota ufuoni tangu utotoni. Mteja hulipa kwa kichwa, kila mwezi. Sasa anataka watu kumi na wawili zaidi. Mapato yatakuwa mara tatu. Mke wangu kaniuliza faida nayo itakuwa mara ngapi, nikanyamaza. Njia ya pili ni kubaki sita, tuuze kwa bei ya kazi nzima. Nani kashapita hapa?

Mpiga_Hesabu: Waangalie wakubwa wa India, kampuni zinazoandikia wateja wa ng'ambo programu. TCS ilianza 1968, Infosys 1981 kwa mtaji wa dola 250. Kwa miaka mingi ukijua wameajiri wangapi, umeshakisia mapato yao, maana anayeuza saa za watu hana njia ila kuongeza watu. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, TCS peke yake iliongeza zaidi ya watu 100,000.

Halafu kamba ikalegea. Machi 2023 TCS walikuwa 614,795, Machi 2024 wakawa 601,546, na mapato yakapanda kutoka kama dola bilioni 27.9 hadi 29.1. Infosys walishuka kutoka 343,234 hadi 317,240, mapato yakatoka 18.2 hadi 18.6. Ukigawa, kila mtu wa TCS aliingiza kama dola 48,000, wa Infosys 58,000 na ushee.

Mwana_wa_Nahodha: Fundi, juya na mshipi wavijua. Juya lataka watu wengi wa kuvuta (najua lakatazwa, msinishtaki kwa watu wa uvuvi, natoa mfano tu). Samaki wakija wengi, na mafungu ni mengi. Mwenye mshipi apata changu wawili, wote wake. Na kusi likichacha, wa juya wote wala kwako.

Mpiga_Hesabu: Hao wa kusi ndio wanaoitwa "walio benchi". Mshahara unakwenda, mteja halipi.

Dada_Shela: Kaka Mpiga_Hesabu, nambari zako sawa, ila usimpeleke mwenzio kombo. Wale hawakugundua siri yoyote. Waliajiri kupita kiasi wakati wa korona, kazi zikapoa, wakaacha wanaoondoka waondoke bila kujaza nafasi. Wenye watu 600,000 wanaweza kupunguza 13,000 na kazi isisimame. Fundi akiondokewa na wawili amefunga duka.

Na mapato kwa kichwa si faida. Mhandisi aliyewekwa kwa mteja Marekani huleta pesa nyingi, na hula nyingi pia.

Fundi_Barani: Dada umenena. Bei ya kazi nzima nilishaijaribu mara moja. Kazi ilikuwa ukurasa wa malipo, wiki tatu. Mteja akaja na "kitu kidogo tu": rangi, kisha lugha ya Kijerumani, kisha punguzo la watoto. Tulimaliza wiki ya tisa, kwa bei ile ile. Siku ya kukabidhi stima ikapotea, nikatuma faili kwa simu nimesimama ngazini.

Dada_Shela: Basi hapo kasoro ni karatasi, si bei. Andika kilichomo na kisichomo, na kila nyongeza na bei yake. Hao kumi na wawili usiwachukue wote. Chukua wanne, na mkataba useme mteja akiwakataa akupe notisi ya miezi mitatu. Agosti Waitaliano wote wako likizo, kazi tele. Nani atawalipa hao Novemba?

Mwana_wa_Nahodha: Au mteja alipe kwa kila chumba kilichouzwa. Hapo mkiongeza programu badala ya mtu, nafuu ni yenu.

Fundi_Barani: Nimemwandikia hayo yote jana usiku: wanne, notisi ya miezi mitatu, na hoteli moja ya kujaribia malipo kwa chumba. Amejibu neno moja, "vediamo", yaani "tutaona". Mliofanya kazi na Waitaliano mwajua bado ni kungoja.