Sebule yenye giza: kijivu au krimu?

Wakuu nisaidieni kabla fundi hajarudi Jumamosi. Sebule yangu ni futi 12 kwa 12, dirisha moja tu na linatazama ukuta wa jirani, yaani saa saba mchana tunawasha taa. Waifu kang'ang'ania kijivu kaiona kwenye simu huko, mimi nasema krimu. Skimu ya kulainisha ukuta na praima ya chini ya rangi tayari. Nyeupe msiitaje, nina watoto watatu na mikono yao muda wote ina mafuta ya maandazi.

— Krimu, hamna mjadala hapo. Mimi nilipaka kijivu Tabata, kwenye kadi ya dukani ilikuwa tamu balaa, usiku nawasha taa ukuta umekuwa bluu kama zahanati. Kijivu nyingi zina bluu ndani yake, taa nyeupe ndo inaichomoa.

— Sasa mkuu hapo kosa ni la taa, rangi unaionea. Weka balbu ya njano, kwenye boksi wanaandika 3000K, hizo nyeupe zenu ni 6500K. Na krimu ukiipiga taa ya njano inakuwa kama meno ya mvuta sigara, hilo mbona hamlisemi?

— Fundi hapa. Kuta zako ni kama mita 40 za mraba, lita moja inakula mita 10 hivi, ukipaka koti mbili, yaani mara mbili, ni lita 8, ukiambiwa ndoo ya lita 20 kwa chumba hicho uliza zinazobaki zinaenda kupaka wapi. Chukua lita moja moja, paka vipande viwili viwili, karibu na dirisha na kwenye kona ya giza, acha vikauke kabisa maana rangi ya maji ikiwa mbichi inadanganya, ikikauka inakolea. Kwa hao watoto chukua silki, rangi yenye mng'ao kidogo, inafutika na kitambaa, ila skimu ikiwa na mabonde silki itakuanika.

— Pakeni krimu, ukuta wa tivii kijivu, ndoa ipone 😂

— Futi 12 ukate rangi mbili? Si litakuwa boksi la viatu.

Wakuu, nimepaka vipande. Saa nne asubuhi kijivu ya kwenye kona inafanana na zege, kama vile hatujapaka kitu. Waifu anasema nisubiri usiku, na balbu ya njano keshanunua.